Uwezo wa Kungoja: Mhadhara juu ya Kobalti ya Kolwezi na Nguvu za Makampuni Makubwa



Nimeombwa niseme juu ya makampuni makubwa ya teknolojia, jinsi yanavyoutumia ukubwa wao sokoni na jinsi yanavyowasukuma watu wanunue. Walionialika yamkini walitazamia nianzie California au Shenzhen, ambako majina ya makampuni hayo yameandikwa juu ya majumba ya vioo; lakini maadamu zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi hii ya Kongo, na sehemu yake kubwa katika jimbo letu hili la Lualaba, sioni haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano ambao hupita mbele ya milango yetu usiku na mchana juu ya malori.

Wanavyuoni wa uchumi huipima nguvu ya kampuni kwa mtaji wake, kwa fungu lake la soko, na kwa idadi ya washindani waliosalia. Vipimo hivyo ni vya haki, wala sivikatai. Lakini kwa kuitazama biashara ya mji huu wa Kolwezi nimeelekea kuamini kwamba chini ya vipimo vyote hivyo kuna kimoja kilicho rahisi kuliko vyote, nacho ni uwezo wa kungoja: katika kila mapatano, yule awezaye kulala usiku wa leo bila ya kuuza wala kununua ndiye atajaye bei, na yule asiyeweza ndiye aikubaliye, hata akiikubali kwa matusi.

Twendeni kwanza Musompo, kwenye soko la madini lililo nje ya mji, kando ya barabara iendayo Likasi na Lubumbashi. Mchimbaji wa mkono huwasili na magunia yake juu ya pikipiki au lori la kukodi, naye amekwisha kuahidi malipo kwa wenzake wa shimoni, kwa akina mama walioyaosha mawe, kwa mwenye chombo, kwa mfadhili aliyempa unga na kamba na tochi wakati shimo lilipokuwa bado halijatoa kitu, na kwa watu kadhaa wa njiani, wenye sare na wasio na sare. Ndani ya depo ya mnunuzi ubao umetundikwa, umeandikwa kwa kalamu nene: asilimia moja ya kobalti, kilo bei hii, asilimia mbili, bei hii, tatu, bei hii, na kuendelea. Mnunuzi hulifungua gunia, huchota konzi ya mawe, huyaponda, kisha hukishika kile chombo chenye umbo la bastola ambacho mji mzima hukiita Metorex, hukilenga kwenye unga ule, hufinya kitufe, na baada ya nukta chache namba hutokea katika kioo kidogo kinachomwelekea yeye. Namba hiyo ndiyo hukumu, na rufaa yake haipo. Mwenye mawe hana mashine ya kulinganisha. Hajui kama konzi ile imechotwa penye jiwe zuri au penye vumbi. Na akinung'unika huambiwa kwamba mawe yake yana maji, na kwamba kwa ajili ya unyevu kilo kadhaa zitapunguzwa katika mzani.

Mtu atasema: si lazima auze hapo, madepo ni mengi, naye apakie tena aende mbele. Ni kweli madepo ni mengi, lakini wanunuzi wanaosimama nyuma yao si wengi kama milango yao, na gharama ya kupakia tena ni hasara ya yakini inayonunuliwa kwa faida ya kubahatisha. Mvuvi wa ziwa Tanganyika huuza upesi kwa sababu samaki wake ataoza. Jiwe haliozi, lingeweza kukaa uani mwaka mzima likabaki jiwe lile lile, ila ahadi za mwenye jiwe huoza kabla ya jua kuchwa, na mnunuzi anajua hivyo kuliko anavyojua asilimia ya kobalti iliyomo ndani ya gunia.

Hali hii haikuwako tangu azali. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitawala shaba ya nchi hii kwa ukiritimba ambao makampuni ya leo yangeuonea wivu. Mji huu wa Kolwezi ulijengwa mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo yake, na mitaa yake ikapangwa kwa rangi ya ngozi na cheo cha kazi. Dhuluma ile sitaipamba. Serikali ilipoitaifisha mwaka 1967, na Gécamines ikairithi, mfanyakazi aliendelea kuwa chini ya tajiri mmoja tu, lakini chini ya tajiri huyo kulikuwa na shule, hospitali, nyumba na unga wa kila mwezi, na mtu mwenye unga ndani aweza kusubiri. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliagwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengine wao, na watoto wao, ndio walioshika sururu na kwenda kuchimba kwa mikono yao katika machimbo yale yale waliyokuwa wakiyaendesha kwa mitambo. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, watu walitoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe. Nawaomba mlitafakari jambo hili kwa utulivu: mtu haichimbi sakafu ya chumba anacholala ila akiwa hana siku ya pili ya kungojea.

Sasa tuyafuate mawe yanapotoka depo. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa mawe hayo alikuwa Congo Dongfang Mining, tanzu ya kampuni ya Huayou Cobalt ya China, na kutoka huko kobalti iliingia katika viwanda vya betri vilivyowauzia watengenezaji wa simu na magari ambao majina yao hakuna asiyeyajua. Januari mwaka 2016, Amnesty International na Afrewatch, jumuiya ya hapa kwetu, walitoa taarifa iliyoufuata mnyororo huo pete kwa pete, wakaonyesha watoto waliokuwa wakibeba na kuosha mawe mwanzoni mwake. Ulimwengu ulishtuka. Mwaka 2017 Apple ilitangaza kwamba imesimamisha kwa muda kununua kobalti ya machimbo ya mikono kupitia Huayou, na baada yake wengi walitoa ahadi za namna hiyo hiyo.

Hapa natofautiana na watu wema wengi, na nitasema wazi. Tajiri anaposema kwamba hanunui tena jiwe la mchimbaji wa mkono, jiwe hilo halirudi shimoni. Litatafuta njia, litapita kwa dalali wa pili na wa tatu, litachanganywa na jiwe la mgodi wa mitambo kabla ya kuyeyushwa, na likishayeyushwa hakuna mwenye jicho la kuyatenga. Kilichobadilika ni bei: jiwe lililoitwa najisi huuzwa kwa bei ya najisi, na tofauti ya bei humezwa na kila anayelipitisha, mpaka lifike kwa tajiri yule yule likiwa limetakaswa. Sisemi kwamba taarifa ile ilikosea. Ilisema kweli, na kweli haina budi kusemwa. Nasema kwamba kampuni yenye uwezo wa kungoja ilipata kwa kujitenga kile ambacho isingekipata kwa kubana bei: sifa njema huko, na urahisi huku.

Na kujitenga huko kulipata hata muhuri wa mahakama. Desemba mwaka 2019, familia za watoto waliokufa au kulemazwa katika machimbo ya kobalti ziliyashtaki makampuni ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla huko Washington. Shauri likatupwa mwaka 2021, na Machi mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikathibitisha, hoja yake ikiwa kwamba kununua kobalti kupitia mnyororo wa biashara wa dunia si kushiriki katika mradi mmoja na wale wanaowatumikisha watoto. Kisheria sina la kuongeza. Ila mfanyabiashara yeyote wa soko letu angestaajabu kusikia kwamba kadiri unavyoweka watu wengi zaidi baina yako na jiwe, ndivyo jiwe linavyozidi kukosa uhusiano na wewe, na bado likafika nyumbani kwako.

Fauka ya hayo, mnunuzi mkubwa ana namna nyingine ya kungoja, ambayo ni kuondoka kabisa. Mei mwaka 1978 Kolwezi ilipoingiwa na vita, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi, na wazee waliomo humu wanakumbuka milio ya risasi kuliko bei. Lakini huko ng'ambo bei ilikumbukwa. Watengenezaji wa vipaza sauti walihamia kwenye sumaku zisizo na kobalti. Na mnamo mwaka 1983 General Motors ya Marekani na Sumitomo ya Japani, kila mmoja kwa njia yake, walitoa sumaku ya neodimi na chuma, yenye nguvu kuliko ile ya kobalti iliyoitangulia. Sehemu kubwa ya soko lililokuwa letu ilikwenda, wala haikurudi. Leo mambo yanataka kujirudia katika betri: zile za fosfati ya chuma hazina kobalti hata chembe, na mwaka 2021 Tesla ilitangaza kwamba magari yake ya masafa ya kawaida yatatumia hizo. Tazameni basi hila iliyo ndani ya jambo hili: CATL, kampuni ya China inayotengeneza betri nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, hutengeneza zenye kobalti na zisizo nayo, na tangu mwaka 2021 inamiliki karibu robo ya mgodi wa Kisanfu ulio hapa jimboni, pamoja na CMOC, kampuni nyingine ya China. Kobalti ikiwa ghali, huchuma mgodini. Ikiwa rahisi, huchuma kiwandani. Na ikileta taabu, huuza betri ya chuma.

Msidhani kwamba wenye migodi wenyewe hawaijui silaha hii. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilifika karibu dola 95,000, kisha mwaka uliofuata ikaanguka chini ya 30,000. Kampuni ya Glencore ikaufunga mgodi wake wa Mutanda, uliokuwa ukitoa karibu humusi ya kobalti ya dunia, ukakaa kimya mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 2021. Mgodi ni wake, naye angoje apendavyo. Ila wafanyakazi waliopelekwa nyumbani na wauza mkate wa njia ya Mutanda hawakuulizwa kama nao wana akiba. CMOC ilishika njia ya kinyume. Kwa kuwa kobalti ya migodi yake ya Tenke Fungurume na Kisanfu hutoka pamoja na shaba, na shaba hujilipia yenyewe, kampuni hiyo iliongeza uzalishaji wakati bei inashuka: mwaka 2023 iliipita Glencore, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 114,000, maradufu ya mwaka uliotangulia. Kwa bei hiyo mgodi wa kobalti wa kampuni ya Jervois huko Idaho, Marekani, ulisimamishwa hata kabla ya kuanza kazi barabara. Mwanzoni mwa mwaka 2025 tani ilikuwa imeshuka mpaka kama dola 22,000. Mmoja alingoja kwa kufunga, mwingine kwa kufurikisha, na mbao za Musompo zilifutwa na kuandikwa upya kwa ajili ya wote wawili.

Niliombwa niguse pia namna makampuni yanavyouza, nami sitakawia hapo, kwa sababu hila ni ile ile ikiwa imegeuzwa ndani nje. Anayenunua hufaidika kwa kuwa wewe huwezi kungoja. Anayeuza hujitahidi usiweze. Mahakama ya Washington ilipohukumu Agosti mwaka 2024 kwamba Google inashikilia ukiritimba kinyume cha sheria, ilidhihirika kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili utafutaji wake uwe tayari umewekwa ndani ya simu na vivinjari kabla mteja hajagusa kitu. Fedha hizo zililipwa kununua ule muda mfupi ambao mtu angeutumia kujiuliza kama kuna kingine. Huku kwetu hila ni ndogo kwa ukubwa, lakini kila mmoja wenu anaijua: mega za intaneti ulizonunua asubuhi hufa saa sita ya usiku, hata kama umetumia nusu, na salio likikwisha ujumbe unakuja hapo hapo kukukopesha, kisha deni hukatwa na ziada yake siku utakapoongeza. Anayenunua mega za mwezi huzipata kwa bei ya haki, na anayenunua za siku, ambaye ndiye maskini, hulipa zaidi kwa kila mega. Serikali yenyewe ilivutiwa na utamu wa mtindo huu, ikaleta kodi ya kuandikisha simu, iitwayo RAM, mwaka 2020, iliyokatwa katika salio la simu bila ya mwenye simu kuulizwa, mpaka kelele za umma zilipoiondoa mwaka 2022.

Na dola je? Maana wengi wenu mnangoja niseme kwamba dawa ni serikali. Mwaka 2019 iliundwa Entreprise Générale du Cobalt, tanzu ya Gécamines, ikapewa haki ya pekee ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mkono. Ukiritimba dhidi ya ukiritimba: fikra hiyo si mpya. Zanzibar, katika miaka ya 1930, wakulima wa karafuu walikuwa wameyaweka rehani mashamba yao kwa wakopeshaji, na mazao yakiuzwa kabla ya kuchumwa. Serikali ya kikoloni ikaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu ukiritimba wa ununuzi mwaka 1937. Wafanyabiashara Wahindi wakasusa, na Bara Hindi, iliyokuwa mteja mkubwa, ikasusa pamoja nao, mpaka yakafanyika mapatano mwaka 1938. Katika kisa kile wakulima walipata mnunuzi mpya, lakini katika kungojana kwa wakubwa wawili mkulima alikuwa baina yao na karafuu zake.

Kampuni yetu ya kobalti nayo ilikaa miaka mingi na haki yake ya pekee bila ya kununua, ilhali wachimbaji, ambao kisheria hawakuruhusiwa kuuza kwingine, walikula kila siku. Nani anayeweza kushangaa kwamba waliuza kwingine?

Lakini kwa insafu ni lazima nikiri kwamba mwaka 2025 lilitokea jambo ambalo sikulitarajia kuliona. Tarehe 22 Februari, ARECOMS, mamlaka ya kusimamia masoko ya madini ya mkakati, ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, na tarehe 16 Oktoba ikaleta mgawo, tani 18,125 kwa muda uliosalia wa mwaka, na 96,600 kwa kila mwaka katika 2026 na 2027. Glencore waliunga mkono mgawo, CMOC walitaka katazo liondolewe, na kila upande ulikuwa na sababu zilizo wazi kwa anayejua ghala la nani lilikuwa na nini. Bei, iliyokuwa kama dola 22,000, ilipita 40,000 kabla ya mwaka kwisha. Kwa mara ya kwanza nchi hii ilionyesha kwamba nayo yaweza kungoja, na dunia ikaja mlangoni. Wanaosema kwamba ni jeuri tu, na kwamba itawasukuma wanunuzi kwenye betri za chuma kama walivyosukumwa kwenye sumaku za neodimi, wana hoja nzito, nami sitaidharau. Ila nitawajibu kwamba wanunuzi walikuwa wakienda huko hata kobalti ilipokuwa rahisi kama mchanga.

Linalonisumbua ni jingine. Katika miezi ile ya katazo, mgodi mkubwa ulikuwa na shaba ya kuuza, msafishaji wa China alikuwa na akiba ghalani, na Hazina ya taifa ilikuwa na mapato mengineyo. Mchimbaji wa Musompo alikuwa na magunia yake, na mnunuzi ambaye sasa alikuwa na sababu mpya ya kumwambia kwamba mpaka umefungwa, kwa hiyo bei ni hii. Kungoja kwa taifa kulilipiwa kwanza na wale wasioweza kungoja. Mnamo Novemba, kampuni ya serikali ilionyesha hapa Kolwezi tani 1,000 za kwanza za kobalti ya mikono zenye asili inayojulikana, na siku chache baadaye, tarehe 15 mwezi ule ule, daraja liliporomoka katika machimbo ya Kalando na kuwaua watu zaidi ya 30 waliokuwa wamesongamana juu yake. Habari hizo mbili zilipishana katika magazeti bila ya kuamkiana.

Nina maswali mawili kwa maofisa wa kampuni hiyo, ambao nawaona wameketi safu ya mbele, na ninawashukuru kwa kuja. Mashine ya kupima asilimia haizidi bei ya magari yaliyoegeshwa nje ya ukumbi huu: je, itawekwa lini moja ya umma pale Musompo, yenye kioo kinachomwelekea mwenye mawe, pamoja na ubao wa bei ya soko la metali la London ya asubuhi hiyo? Na katika zile tani 1,000, tangu gunia liliposhuka kwenye mzani wenu mpaka fedha zilipofika mkononi mwa aliyelichimba, zilipita siku ngapi? Kama ni siku ile ile, semeni, nasi tutawapigia makofi. Kama ni wiki tatu, basi yule wa depo atamshinda mtu wenu kila siku, hata akimpa nusu ya bei, kwa sababu yeye hulipa saa kumi jioni, na saa kumi na mbili duka la unga linafungwa.